Maswali ya Wasomaji: Bodoni Jaladani, Bodoni Ndani

SWALI: Mhariri, asalaam aleikum. Mimi hupanga kurasa za jarida la mwaka la madrasa yetu. Safari hii nilitumia fonti ya Bodoni tangu jalada hadi ndani. Jalada limesifiwa sana, lakini maandishi ya ndani, niliyoyaweka pointi 9, yametoka yamekatikakatika, na wazee wanalalamika kwamba yanawaumiza macho. Mchapaji asema mashine yake haina kasoro. Je, niiache fonti hii?
Msomaji, Mkomani, Lamu

JIBU: Waaleikum salaam. Ibakize jaladani, uiondoe ndani.

Bodoni ni miongoni mwa herufi za serifi, yaani zenye vijimkia kwenye ncha za mistari, ambazo mstari wake mnene na ule mwembamba hutofautiana mno kwa unene, mtindo ulioshika sura yake mwishoni mwa karne ya 18 kwa kazi za wachonga herufi Firmin Didot mjini Paris na Giambattista Bodoni mjini Parma. Sisi wa Lamu, tuliozoea khati za Kiarabu, huenda tukadhani kwamba unene na wembamba huo una asili moja na wa khati zetu, lakini sivyo. Kalamu ya tete hukatwa ncha bapa, kwa hiyo unene hufuata upande ambao mkono umeelekea, ilhali herufi za akina Bodoni zinafuata kalamu ya ncha kali, ambayo hupanuka inapokandamizwa na kuacha uzi tu inapolegezwa. Uzi huo ndio uliokupotea.

Pointi moja ni takriban milimita 0.35. Tuseme uzi ni sehemu moja kwa 50 ya ukubwa wa fonti: kwa pointi 72 utapata nusu milimita, ambayo mashine yoyote huichapa, kwa pointi 9 utapata milimita 0.06. Mashine inayochapa nukta 300 kwa inchi, nukta yake moja ina upana wa milimita 0.08, yaani uzi ni mwembamba kuliko nukta yenyewe. Mchapaji wako, basi, hana lawama.

Wachonga herufi za risasi walichonga kila ukubwa peke yake, na katika saizi ndogo waliunenepesha uzi, lakini fonti nyingi za kompyuta ni mchoro mmoja unaokuzwa na kupunguzwa. Ndiyo maana mchora fonti Jonathan Hoefler, alipolichorea jarida la mitindo la Harper's Bazaar fonti mpya ya Didot mwanzoni mwa miaka ya 1990, aliitoa kwa michoro saba, kila mmoja kwa saizi yake.

Kiswahili nacho kina taabu yake hapa, na kwa maoni yangu ndiyo iliyowachosha wazee zaidi. Andika «muumini» kwa Bodoni ndogo: nyuzi zinazounganisha vijiti zikififia, hubaki vijiti vinene vilivyosimama sawasawa kama boriti, na jicho halijui *m* inaishia wapi na *u* inaanzia wapi.

Kwa maandishi ya ndani chukua fonti ya Gentium, ambayo ni ya bure na ina mstari mwembamba wenye nguvu, na uiweke pointi 11. Ukiipenda sura ya Bodoni hata kwenye vichwa vidogo, Bodoni Moda, nayo ya bure, ina mchoro unaobadilika kulingana na saizi. Usiandike kwa rangi nyeupe juu ya nyeusi chini ya pointi 24 au hivi, kwani wino wa pembeni huumeza uzi. Na kabla ya kulipia nakala zote, mwombe mchapaji akutolee ukurasa mmoja kwenye karatasi ileile atakayoitumia, kisha mpe mmoja wa wazee hao ausome.