Funga hivyo vyumba 14 kwanza

Mkuu, usimwalike mtu yeyote bado. Nimesoma uzi wako wote: unataka kuwakutanisha mtandaoni watafiti na walimu wa ujifunzaji wa kidijitali, vyumba 14 vya majadiliano viko tayari, na unauliza ununue programu ipi, kanuni ziweje, wasimamizi walipwe au wajitolee. Hapo kwenye vyumba 14 ndipo tulipoliwa hela sisi.

Mshauri wetu, eti mtaalamu wa jamii za mtandaoni (sijui mtandao upi), alisema tujenge tu, watu watajileta wenyewe. Akatuchorea "Tathmini", "Akili Unde", "Sera", kila chumba na rangi yake. Tukalipa msanifu, tukalipa seva, tukamlipa na yeye. Ukifungua chumba unakuta "Karibuni sana" ya msimamizi, chini yake: majibu 0. Unahamia cha pili, yaleyale. Rangi zilikuwa nzuri, lakini.

Na hesabu ilikuwa wazi tangu mwanzo. Jakob Nielsen, mtaalamu wa namna watu wanavyotumia tovuti, aliandika mwaka 2006 kwamba katika jamii nyingi za mtandaoni asilimia 90 husoma tu, 9 huchangia mara mojamoja, na 1 ndiyo hubeba karibu mazungumzo yote. Una wanachama 200? Wasemaji wako ni 2. Hata ukiwakata vipande hawaenei vyumba 14.

Kilichotumaliza hasa ni hiki. Mwalimu mmoja aliuliza kwenye "Tathmini": jaribio lake la Moodle (mfumo wa kufundishia mtandaoni) lina swali ambalo wanafunzi wake bora ndio wanaolikosa, afanyeje? Kimya. Baadaye sana mtafiti akamtupia linki ya makala ya kulipia. Mwalimu hakurudi tena, na simlaumu. Wakati jibu lilikuwa fupi tu! Moodle ina ripoti ya takwimu za jaribio: inaonyesha asilimia ya waliopata kila swali, na kama swali linawatenganisha waliofanya vizuri kwenye jaribio zima na waliofanya vibaya. Kipimo hicho cha pili kikishuka chini ya sifuri, kagua kwanza jibu uliloliweka kuwa sahihi. Huenda umekosea, au swali linasomeka kwa maana mbili. Mtafiti wa upimaji anayajua haya hata usingizini, na data aliyokuwa nayo yule mwalimu ndiyo anayoihangaikia kila siku. Sisi tukawawekea rangi.

Kwa hiyo: hakuna kufungua chumba mpaka uwe na swali ambalo mwalimu analisubiria jibu wiki hii, na mtafiti aliyekwisha kukubali kulijibu kwa maneno yake mwenyewe. Linki peke yake haihesabiwi. Anza na watu wachache kwenye barua pepe au kundi la WhatsApp, majina ya wanafunzi yafutwe kabla ripoti haijatumwa. Wakianza kulalamika kwamba majibu yanapotea kwenye msururu wa meseji, fungua chumba. Kimoja!

Programu chukua yoyote, mradi unaweza kuondoka na mazungumzo na orodha ya wanachama. Yahoo Groups, huduma ya makundi ya majadiliano, ilifungwa 2020, waulize waliokuwa humo.

Halafu huyo aliyekushauri vyumba 14, kila sentensi yake ya pili ina neno "mfumo-ikolojia"? Kama ndiye, mwambie bado nasubiri risiti yangu.