Maswali ya Wasomaji: Ushauri wa Kuomba Nafasi Katika Vyuo vya Afya

SWALI: Ndugu Mshauri, najiandaa kuomba nafasi ya kusomea udaktari, na nikikosa nitaomba famasia. Mjomba wangu, ambaye ni daktari wa miaka mingi, ananiambia alama zangu hazitoshi na ni heri nisubiri mwaka mmoja. Mwalimu wangu wa biolojia anasema niombe sasa. Waombaji wenzangu nao wanashikilia kwamba bila miezi mingi ya kujitolea hospitalini hakuna jopo litakaloniita kwenye usaili. Nimsikilize nani?

JIBU: Ndugu msomaji, watu hawa hawapingani kama unavyodhani, kwa kuwa kila mmoja anajibu swali lake. Mjomba anakueleza jinsi udahili ulivyokuwa alipoomba yeye, mwalimu anaeleza uwezo anaouona darasani, na wenzako wanakugawia hofu waliyo nayo. Anza kwa kuyatenganisha maswali yako, kisha kila moja ulipeleke kwa mwenye jibu lake.

Iwapo alama zako zinatosha ni jambo la chuo chenyewe, na jibu lake limo katika sifa za kujiunga zilizotangazwa kwa mwaka unaoomba. Nasisitiza mwaka unaoomba kwa sababu taratibu hizi hubadilika upesi. Mtihani wa MCAT, unaotumiwa na vyuo vya udaktari vya Marekani, ulibadilishwa mwaka 2015, na alama zake sasa huanzia 472 hadi 528, ilhali zamani kilele kilikuwa 45. Daktari aliyejivunia alama 30 enzi zake hawezi kuitumia kupimia yako. Nchini Uingereza, mtihani wa BMAT ulifanywa kwa mara ya mwisho mwaka 2023, na vyuo vya Oxford na Cambridge vilivyokuwa vikiutegemea vikahamia mtihani mwingine, UCAT. Hata PCAT, mtihani wa waombaji wa famasia huko Marekani, ulikomeshwa mwaka 2024, na mtu mwenye nia njema asiyelijua hilo anaweza kukutuma ukanunue vitabu vyake.

Tena usichukue ushauri wa udaktari ukautumia kwa famasia. Marekani ina mifumo tofauti ya maombi kwa fani hizo mbili, AMCAS kwa vyuo vingi vya udaktari na PharmCAS kwa famasia, na kila mmoja una tarehe zake. Kwa Uingereza maombi yote hupitia UCAS, lakini mwombaji wa udaktari anaruhusiwa kozi nne tu za udaktari kati ya nafasi zake tano, na mwisho wa kuomba ni Oktoba 15, miezi kadhaa kabla ya kozi nyingine nyingi. Ile nafasi ya tano inaweza kwenda kwa famasia, jambo linalokuhusu wewe moja kwa moja.

Pale maelezo ya chuo yanapokuacha njia panda, iandikie ofisi ya udahili. Usiulize kama una nafasi ya kuchaguliwa, maana hakuna ofisa makini atakayekujibu hilo. Uliza jambo linalojibika: je, somo la kemia nililolimaliza miaka sita iliyopita bado linakubalika? Je, nikirudia mtihani mtaangalia alama ya juu au zote? Majibu yaje kwa maandishi, nawe uyahifadhi.

Kuhusu kujitolea, vipo vyuo vinavyotaja idadi ya chini ya saa za kujitolea na vipo visivyotaja, kwa hiyo wenzako hawawezi kukupa kanuni moja ya vyote. Wasaili hupenda kujua ulichojifunza kwa kuwa karibu na mtu anayehitaji msaada, na mtu huyo si lazima awe amelazwa. Mwongozo wa Baraza la Vyuo vya Tiba la Uingereza unakubali uzoefu wa kuhudumia watu nje ya hospitali, kwa mfano katika makao ya wazee. Binafsi naona mwombaji aliyemhudumia bibi yake mgonjwa kwa mwaka mzima, akaweza kueleza alichokiona na kilichomshinda, ana la kusema kuliko aliyezunguka wodini wiki mbili akiwa nyuma ya daktari.

Mjomba usimwache, ila muulize analolijua vyema kuliko ofisi yoyote: zamu za usiku zilivyo, namna ya kuwapa ndugu taarifa za msiba, na kama angeichagua kazi hii tena. Kwa habari za usaili, mtafute mwanafunzi wa mwaka wa kwanza wa chuo unachokitaka, kwa kuwa ametoka huko juzi. Vyuo vingi siku hizi hutumia usaili wa vituo vifupi vifupi, ulioanzia Chuo Kikuu cha McMaster nchini Kanada, ambapo mwombaji hupita kwa wasaili kadhaa, kila mmoja akiwa na jambo lake. Mwanafunzi huyo asikutajie maswali aliyoulizwa, kwani aghalabu huapishwa kutoyatoa. Akueleze muda ulivyombana na alivyojiandaa.

SWALI: Ndugu Mshauri, wakala mmoja anataka nimlipe ili anihakikishie nafasi katika chuo cha udaktari nje ya nchi. Anasema chuo hicho kimo katika orodha ya dunia. Je, nimwamini?

JIBU: Hapana. Anayeamua nani adahiliwe ni chuo, na asiye na mamlaka hayo hawezi kukuhakikishia chochote, labda awe anatumia njia ambayo hutataka jina lako lihusishwe nayo. Mlipe mtu kwa kazi inayoonekana, kama vile kukuandaa kwa usaili, wala si kwa ahadi, na kwanza muulize kama chuo nacho humlipa kwa kila mwanafunzi anayempeleka.

Orodha anayoitaja huenda ni Orodha ya Dunia ya Vyuo vya Udaktari, ambayo mtu yeyote anaweza kuisoma bure. Waendeshaji wake wanaeleza wazi kwamba chuo kutajwa humo si ithibati. Kabla ya kutoa hata senti moja, liulize baraza la madaktari la nchi utakayofanyia kazi kama shahada ya chuo hicho inakubalika kwa usajili. Kama unatafuta ushauri bila malipo, anza na ofisi ya ushauri ya chuo unachosoma. Marekani kuna chama cha washauri wa fani za afya, NAAHP, ambacho huwasaidia wanafunzi wasio na mshauri chuoni kwao kumpata wa kujitolea.

SWALI: Dada yangu ni mwandishi hodari. Je, anaweza kuniandikia insha ya maombi?

JIBU: Akusomee, asikuandikie. AMCAS humtaka mwombaji athibitishe kwamba maandishi ni yake mwenyewe, na UCAS hupitisha maelezo ya waombaji katika programu inayoyalinganisha na ya wengine. Mpe rasimu, kisha aiweke kando na kukueleza kwa kinywa ni mtu wa namna gani aliyemwona humo. Asipokutambua, rudi uandike upya. Insha ya AMCAS haizidi herufi 5,300, nafasi za kati zikihesabiwa, na kazi ambayo dada ataifanya vizuri kukuzidi ni kukuonyesha aya ya kufuta. Watu wawili wa kuisoma wanatosha. Ukiwapa kumi utapata insha isiyo ya mtu yeyote.