Anza na jino

Msichana wa miaka 15 aliingia kwenye zahanati tuliyofanyia kazi Eastlands, Nairobi, akiwa ameshika shavu. Jino. Nyuma yake alisimama mwanamke aliyejiita shangazi, naye ndiye aliyejibu kila nililouliza: umri, anapoishi, jino lilianza lini kuuma. Simu ya binti alikuwa nayo yeye. Nilikuwa mgeni katika uuguzi. Nikatoa dawa ya maumivu, wakaenda. Baada ya miezi minne alirudi peke yake, mjamzito.

Tangu hapo simruhusu msindikizaji kuingia chumba cha uchunguzi. Nasema kwa upole kwamba ndio utaratibu wetu kwa kila kijana, na kweli nauweka kwa kila kijana. Kisha naanza na jino. Kijana anayetumiwa kingono haji akisema hivyo. Huja na kikohozi, kidonda kisichopona, usingizi uliomtoroka. Ukitibu alicholeta, siku moja atakuletea alichoficha. Wavulana hukaa na siri hiyo zaidi, kwa kuwa hakuna anayewauliza.

Akishasema, ni kukimbizana na saa. PEP, dawa za kuzuia VVU, zianze kabla ya saa 72 kwisha tangu tukio. Za dharura za kuzuia mimba husaidia hadi saa 120, ila kila saa inayopita inapunguza nguvu zake. Apimwe kaswende, apate chanjo ya homa ya ini B. Usimtume polisi kwanza: matibabu hayangoji P3, fomu ya polisi ya kuthibitisha majeraha. Fomu ya PRC, ya huduma baada ya kubakwa, hujazwa hospitalini, na hospitali za umma zinatakiwa kumtibu manusura bure. Ukikwama, piga 116, simu ya watoto, usiku au mchana, hailipiwi.

PEP humezwa siku 28, na hapo ndipo wengi huanguka. Binti mmoja alizitupa chooni siku ya tano kwa sababu kopo lilikuwa likilia ndani ya begi na waliomweka wakaanza kuuliza. Siku hizi najaza pamba ndani ya kopo. Ama tunakubaliana na mama mboga anayemwamini amtunzie. Muulize ataziweka wapi, na jioni atakula nini.

Nimeona pia watoto wakirudishwa mlangoni, "kamlete mzazi", ilhali anayeitwa mzazi ndiye anayepokea pesa za wanaomtumia. Sheria ya VVU ya Kenya ya 2006 inamruhusu mtoto mjamzito, au aliye katika hatari ya kuambukizwa, kuridhia mwenyewe kwa maandishi kupimwa.

Lakini usimwahidi kwamba hutamwambia yeyote. Mtoto akiwa hatarini, ofisi ya watoto lazima ijue. Mwambie hivyo kabla hajafungua moyo, umtajie utakayempigia, naye awepo unapopiga. Wapo wanaonyamaza wakisikia hivyo. Nami hunyamaza nao, nikawaambia warudi kesho kwa kikohozi kile kile.

Yule binti wa kwanza, jino lilikuwa limeoza hadi kwenye mzizi. Siku aliyorudi nilimpeleka likang'olewa, kisha tukaanza kliniki ya wajawazito.