Wasomaji Wauliza: Shukrani ya Daftarini

SWALI: Assalaam alaykum. Miezi miwili sasa kila usiku naandika mambo matatu ya kumshukuru Mungu. Lakini naona najirudia tu: afya, watoto, riziki. Nalima mwani, na siku zangu zinafanana. Niache?
Msomaji wa kike, Jambiani

JIBU: Waalaykum salaam, dada yetu. Usiache, ila punguza. Afya, watoto na riziki ni neema kubwa, lakini zikitajwa kwa jina tu kila usiku, mkono unaandika na moyo umeshalala. Mtafiti wa Marekani Sonja Lyubomirsky na wenzake walilijaribu jambo hili kwa wiki 6. Waliohesabu neema zao mara 1 kwa wiki walizidi kuona raha. Waliohesabu mara 3 hawakuipata tofauti hiyo. Basi kila usiku andika tukio moja la siku, mistari 4 au 5, na shukrani yenyewe iweke usiku wa kuamkia Ijumaa.

Mistari hiyo iseme nani, nini, kiasi gani na saa ngapi. Ukiandika "nashukuru kwa majirani wema", mwakani hutakumbuka ulikuwa unamsema nani. Andika hivi: "Saa 5 na nusu maji yanajaa, kamba 6 bado hazijafungwa. Jirani wa kusini akaja bila kuitwa, akafunga 4." Kisha ongeza sentensi moja ya kukosa: "Asingekuja, zingengoja kesho." Sentensi hiyo ndiyo inayobeba shukrani, kwa sababu inaonesha kilichokuwa karibu kupotea. Watu wengi huiruka, na ndiyo maana madaftari yao hukauka.

Na siku za pwani hazifanani hata kidogo, dada. Juu ya kila ukurasa andika hali ya maji na upepo: bamvua (maji makubwa) au maji mafu (maji madogo), kaskazi au kusi. Bamvua huja mwezi ukiandama na ukiwa mpevu, na maji hujaa kwa kuchelewa kiasi cha dakika 50 kila siku, kwa hiyo saa zako za kazi, za kupika na za kulala zinahama pamoja nayo. Ukiyasoma hayo baada ya miezi 3 utaona khasa siku zipi ulichoka na siku zipi ulicheka.

SWALI: Naandika tarehe ya Hijria na ya miladi, lakini zinanichanganya. Pia daftari langu la mwaka juzi limeshika kutu kwenye pini na kurasa zinachomoka. Nifanyeje?
Msomaji, Wete

JIBU: Mkanganyo unatokana na saa unayoandikia. Siku ya Hijria huanza jua likizama. Ukishika kalamu baada ya Isha siku ya Jumatatu, kwa miladi bado ni Jumatatu, lakini kwa Hijria umeshaingia Jumanne. Chagua kanuni moja, tuseme tarehe ya mchana uliopita, na uiandike ukurasa wa kwanza ili atakayesoma baadaye asikosee. Mwaka wa Hijria ni mfupi kwa siku 11 hivi, kwa hiyo ukitaka kulinganisha masika na masika, au msimu wa karafuu na msimu mwingine, fuata miladi.

Kutu inaletwa na chumvi na unyevu wa hewa yetu. Pini ikishaota kutu, karatasi inayoizunguka hulika na kukatika. Daftari la skuli lililobanwa kwa pini halifai kuwekwa miaka. Nunua kaunta buku lililoshonwa kwa uzi: la kwaya 2 lina kurasa 192, na ukitumia nusu ukurasa kwa siku linakutosha siku 384. Tumia kalamu ya kawaida ya wino mzito, kwani wino wa jeli hutawanyika ukidondokewa na maji. Liweke kwenye rafu, lisiguse ukuta wala sakafu. Usilifunge ndani ya mfuko wa nailoni: unyevu unabaki humo humo na kuvu inaota. Baada ya masika lifungue kivulini penye upepo, si juani, maana jua hufifisha wino. Angalia na mgongo wake, mende wanapenda gundi.

SWALI: Mume wangu alipougua, jirani alinilipia deni la dukani kimya kimya. Nataka kuliandika ili wanangu walisome wakikua. Je, si kumvunjia sitara?
Mama wa watoto watatu, Mkunazini

JIBU: Wema wake uandike, bibie, pamoja na kiasi alicholipa. Lakini jina lake usilitie mpaka umemwomba ruhusa, kwa kuwa yeye alichagua siri. Maradhi ya mumeo nayo ni ya mumeo: muulize kabla.

Kisha nenda ukamwambie. Mtajie siku, deni lenyewe, na kile ulichoweza kupika jioni ile kwa sababu yake. Usende na zawadi siku hiyo hiyo, ataona unamlipa. Ukirudi, uwe umeacha nusu ukurasa mtupu chini ya tukio hilo, uandike maneno atakayokujibu kabla hayajakutoka.