Usomaji kupanda adhuhuri si lazima iwe ufa

Umeuliza kama daraja lako la kompositi (nyuzi imara zilizogandishwa kwa resini) linachoka, maana vihisi vya nyuzi za mwanga hupanda kila adhuhuri hata bila gari juu. Usifunge njia bado, ndugu. Lishuku jua kwanza. Kihisi cha Bragg, yaani kipande cha uzi kinachorudisha urefu mmoja tu wa wimbi la mwanga, kikiwa kwenye nanomita 1550 husogeza wimbi hilo takriban pikomita 10 kwa kila digrii 1 ya joto, ila mikrostreni 1 (mnyooko wa sehemu moja kwa milioni) huleta pikomita 1.2 tu. Digrii 20 zinajifanya mikrostreni 160 na ushee!

Weka kihisi cha pili kando, kilegee ndani ya kijibomba bila gundi, kisha ondoa usomaji wake kwenye ule wa kihisi kilichogundishwa. Linganisha usiku kwa usiku wenye joto lilelile. Usomaji usiporudi ulipoanzia, kagua gundi, halafu tabaka za kompositi zilizoachana. Na uzi unapochomoza ukingoni uvishe mpira. Hapo niliwahi kupoteza laini nzima ya vihisi.