Jibu: Fonti ya Jenson inatoka nene na yenye mabonge

Habari za leo, ndugu. Nimeelewa kwamba umefuatisha kwenye kompyuta picha ya ukurasa uliochapwa na Nicolas Jenson huko Venice mwaka 1470, na kwamba fonti yako, yaani seti ya herufi uliyoitengeneza hivyo, ikiwekwa kwenye saizi ya 10, inaonekana nene na yenye mabonge.

Kwanza kagua kama ulichokichora ni herufi au ni wino. Karatasi ya wakati ule ililowanishwa kabla ya kuchapwa, wino ukatambaa kuzunguka herufi za metali zilizochapia, na ukiikuza picha utaona kwamba hata "a" mbili za mstari mmoja hazilingani. Mimi nilipoteza wiki kadhaa kwa kosa hilohilo, hadi nilipokusanya "a" kumi na mbili za ukurasa mmoja, nikazipandanisha, nikachora mstari unaopita katikati ya tofauti zao. Kijistari cha "e" kinachopanda kuelekea kulia usikinyooshe, maana hicho ndicho sura yenyewe.

Ukitaka kuandikia Kiswahili, utakwama kwingine: kitabu kile ni cha Kilatini, hivyo "w" na "j" za kufuatisha hutazipata, na "k" ni adimu mno. Itabidi uzibuni mwenyewe. Mimi huanzia "w" kwenye "v", kisha hujaribu zote kwa neno "wakajikwaa", ambalo halifichi kasoro.

Italiki, yaani herufi za kulala, sijawahi kuichora. Jenson hakuwa nayo, na mbunifu wa herufi Robert Slimbach alipotengeneza Adobe Jenson, fonti ya kompyuta inayofuata herufi za Jenson, kwa italiki aliegemea ile ya Ludovico degli Arrighi, mwandishi wa hati wa Italia.