Anayedhani ana kichocho na aliyenacho kweli: jinsi ya kulinganisha

Ukitaka kujua kama watu wa mwambao wa Ziwa Victoria wanajitambua vizuri kuhusu kichocho, utawauliza wanavyojiona, utawapima choo, kisha utalinganisha. Kazi hii mara nyingi huharibikia kwenye dodoso, kabla hata kompyuta haijawashwa.

Chunga neno "hatari". Muulize mvuvi wa Ukerewe kama yuko katika hatari ya kichocho, naye anaweza kukataa huku akiamini kwamba anacho. Kwake hatari ni dhoruba au mamba; kichocho ni maradhi aliyoyazoea. Amekujibu kuhusu ukali wa ugonjwa, wewe umeandika uwezekano wa kuambukizwa. Uliza mawili mbali mbali: "Unadhani sasa hivi una kichocho mwilini?" na "Unadhani utakipata ndani ya miezi 12 ijayo?" La kwanza tu ndilo linalolingana na kipimo cha leo.

Badala ya "kidogo, wastani, sana", mpe punje 10 za maharage na sahani. Sahani tupu ni haiwezekani kabisa, punje zote 10 ni hakika. Mfanyishe zoezi kwanza: aweke punje kwa uwezekano wa kwenda sokoni ndani ya siku 2, kisha ndani ya wiki 2. Akiweka punje chache kwa wiki 2 kuliko siku 2, hajaelewa; mweleze upya. "Sijui" iandike peke yake. Ukiigeuza kuwa punje 5 umemwekea mtu maneno mdomoni.

Hojaji ifanyike kabla ya majibu ya maabara, na tarehe ya mwisho kumeza prazikwanteli, dawa ya kichocho, iandikwe. Dawa humfanya mtu aseme "nimepona" na pia huua minyoo, kwa hiyo inagusa pande zote mbili na lazima iingie kwenye modeli, yaani hesabu ya kitakwimu inayolinganisha makadirio na vipimo. Kuoga na kufua ziwani ni jambo jingine. Watu hujikadiria kwa kuangalia hayo hayo maji. Kama swali lako ni iwapo makadirio yao yanawatambua wenye maambukizi, ukiingiza maji kwenye modeli utapunguza nguvu ya makadirio, kisha utatangaza kwamba watu hawajijui. Hilo ni kosa zito, maana linawanyima sifa ya maarifa waliyonayo.

Sasa kipimo chenyewe. Kibao cha Kato-Katz, njia ya kuhesabu mayai ya minyoo kwenye kinyesi kwa hadubini, hubeba miligramu 41.7 za kinyesi, ndiyo maana mayai yanayohesabiwa huzidishwa kwa 24 kupata idadi kwa gramu. Mwenye mayai 10 kwa gramu ana, kwa wastani, chini ya nusu yai kwenye slaidi moja, yaani kioo kimoja cha hadubini. Slaidi zake nyingi zitakuwa tupu, na aliyesema kweli "ninacho" ataandikwa amekosea. Soma slaidi 2 kwa kila sampuli, na sampuli zichukuliwe siku tofauti, kwa sababu utoaji wa mayai hubadilika siku hadi siku. Kisha rudia uchambuzi ukichukulia kwamba kipimo hugundua asilimia 60, halafu 75, halafu 90 ya walioambukizwa, uone hitimisho linasimama wapi.

Kuhusu modeli, rigresheni ya lojistiki (inayokadiria jibu la ndiyo au hapana) inatosha, ila wape kaya na kijiji nafasi yao, kwani wanaoishi pamoja hufanana. Jihadhari na uwiano wa odi inaoutoa pale ugonjwa ulipoenea; odi ni idadi ya walioambukizwa ukiigawa kwa wasioambukizwa. Chukua mfano: waliojiona wanacho ni 200, wameambukizwa 120, waliojiona hawana ni 200, wameambukizwa 80. Asilimia 60 kwa 40 ni mara 1.5, lakini uwiano wa odi ni 2.25. Ukiandika "mara mbili na zaidi" umemdanganya mganga mkuu wa wilaya. Tumia rigresheni ya Poisson yenye makosa sanifu imara, ambayo hutoa ile mara 1.5 moja kwa moja, au toa uwezekano uliokadiriwa kwa kila idadi ya punje.

Na usiwafiche wale 80 waliojiona hawana kumbe wameambukizwa ndani ya namba moja ya jumla. Waorodheshe kwa umri, kazi na mwalo: ugawaji wa dawa hulenga zaidi watoto wa shule, na mtu mzima anayeamini hana kichocho hana sababu ya kwenda kuitafuta dawa mwenyewe.